Ukiugua au Kuuguza Katikati ya Muhula: Mwongozo Kamili wa Kuomba Mtihani Maalumu au Kuahirisha Masomo

Kila matokeo ya UE (mtihani wa mwisho wa muhula) yakitoka kuna wanafunzi wanaokuta wameandikiwa kuwa hawakutokea kwenye mtihani. Walilazwa kweli, au walikuwa wodini wanamuuguza mama, na darasa zima linajua. Wakifika kwa mkuu wa idara wanajibiwa kwa maneno yale yale: "Ungekuja kabla."

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Tanzania ambaye afya, ujauzito, msiba au mgonjwa wa nyumbani vimegongana na masomo. Kanuni za vyuo zinatofautiana kidogo, ila njia inafanana. Kinachoamua maombi haya ni karatasi na tarehe iliyo juu yake. Mwenye homa ya wiki moja aliyewahisha barua hupata alichoomba, na aliyefanyiwa upasuaji akakaa kimya huishia kwenye sapu (mtihani wa marudio), wakati mwingine disko (kuondolewa chuoni). Mimi naona si haki, lakini ofisi ndivyo zinavyofanya kazi, kwa hiyo tujipange.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kanuni za mitihani za chuo chako. Ziko kwenye kitabu cha mwongozo wa wanafunzi au tovuti ya chuo. Soma sehemu tatu tu: kuahirisha mitihani, kuahirisha masomo, na mahudhurio. Usitegemee alichosikia CR, yaani mwakilishi wa darasa.
- Almanaki ya mwaka wa masomo, yenye tarehe za mitihani, za sapu na mitihani maalumu, na mwisho wa usajili.
- Kitambulisho, namba ya usajili na kadi ya bima, pamoja na picha zake kwenye simu.
- Barua pepe ya chuo inayofanya kazi. Kama nywila umeisahau, ishughulikie leo ungali mzima.
- Faili moja la karatasi. Kila cheti cha hospitali, risiti na nakala ya barua iingie humo.
- Mtu mmoja unayemwamini atakayekupelekea barua ukiwa kitandani. Mwambie mapema, na ajue faili liko wapi.

## Hatua ya 1: Hesabu saa zako

Wengi huamua kwa hisia. "Nitapambana" ni neno zuri, lakini halina hesabu ndani yake.

Kwa mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: vipindi, semina, kujisomea, asainimenti na mitihani, vyote pamoja. Mwaka mmoja wa shahada ya kwanza ni krediti 120, yaani kama 60 kwa muhula. Hizo ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15 upate saa 40 kwa wiki, kabla hujapika, hujafua, wala hujasimama kwenye daladala kutoka Mbagala kwenda Mlimani.

Sasa chukua karatasi uandike saa ambazo ugonjwa au uuguzaji unakula kila wiki. Kliniki ya hospitali ya rufaa usiiandikie saa moja ya kumwona daktari. Iandikie siku nzima: foleni ya faili, ya daktari, ya maabara, ya dawa, na safari ya kurudi. Usiku wa kukesha wodini unaharibu na asubuhi inayofuata, uihesabu nayo.

Kipimo ninachotumia mimi ni hiki. Ukibakiwa na saa 30 au zaidi, unaweza kubaki chuoni kwa kuomba nafuu ndogondogo. Ukibakiwa na kati ya 20 na 30, na hali hiyo ina mwisho unaojulikana, fikiria mtihani maalumu. Ukiwa chini ya 20 na hujui itaisha lini, kuahirisha masomo ndiko kunakolinda GPA yako, yaani wastani wa alama zako.

Utajua umefaulu hatua hii ukiweza kumwambia mtu kwa sentensi moja: "Ninapoteza saa kadhaa kwa wiki, hadi tarehe fulani."

## Hatua ya 2: Chagua mlango mmoja

Iko milango mitatu, na ukiomba usichokihitaji unapoteza wiki mbili za barua kuzunguka.

Nafuu ya kozi moja. Umekosa testi, kuizi au tarehe ya asainimenti. Hii inaishia kwa mwalimu wa kozi, mara nyingi bila kufika kwa mkuu wa kitivo. Iombe ndani ya siku chache, kwa sababu mwalimu akisharudisha testi zilizosahihishwa, hawezi tena kukupa ile ile.

Mtihani maalumu. Koziweki yako (alama za testi na asainimenti za muhula) ipo na imekamilika, kilichokushinda ni UE tu. Kwa kawaida utaufanya kipindi cha sapu. Ila usiuchanganye na sapu: kwenye vyuo vingi sapu hata ukiipasua unapewa C, wakati mtihani maalumu unahesabiwa kama mtihani wa kwanza, ukipata A ni A yako. Kwa faida hiyo peke yake inafaa kuuhangaikia.

Kuahirisha masomo. Unasimama muhula au mwaka mzima. Hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni: kozi nyingi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ukiahirisha muhula wa pili, hutaweza kuupata Novemba. Utausubiri hadi muhula wa pili wa mwaka unaofuata. Sababu zinazokubalika kwa kawaida ni afya, matatizo makubwa ya kijamii, na kukosa ufadhili. Kubanwa na kazi ya kuajiriwa ni nadra sana kukubaliwa. Angalia pia ukomo wa kukaa nje. Vyuo vingi huweka miaka 2.

Onyo: usiingie chumba cha mtihani ukiwa mgonjwa kwa nia ya "kujaribu bahati", ukidhani ukifeli utapeleka cheti. Ukishasaini karatasi ya mahudhurio na kukabidhi kijitabu, umefanya mtihani. Cheti cha baada ya hapo kinaonekana kama visingizio. Ukizidiwa ndani ya chumba, mwite msimamizi, mwambie aandike tukio lako kwenye taarifa yake, kisha nenda moja kwa moja zahanati ya chuo. Taarifa ya msimamizi na cheti cha saa ile vikikutana, una kesi.

## Hatua ya 3: Pata karatasi ya hospitali inayosema kitu

Hapa ndipo maombi mengi yanapofia, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwanafunzi analeta kipande cha karatasi, nusu ya ukurasa wa daftari la zahanati, kimeandikwa jina moja, "malaria", "apumzike siku 3", na saini isiyosomeka. Muhuri umegonga pembeni, umetoka nusu. Tarehe ni ya siku mbili baada ya mtihani. Mgonjwa aliugua kweli, ila karatasi hiyo haiwezi kumtetea.

ED nzuri (cheti cha hospitali cha kukuruhusu kupumzika) au barua ya daktari inayofaa ina mambo haya:

1. Jina lako kamili kama lilivyo kwenye usajili wa chuo. Kama kadi ya bima inasema "Rehema J. Msuya" na chuoni unasomeka "Rehema Juma Msuya", mwambie karani aandike yote matatu.
2. Tarehe uliyoonwa, na kama ulilazwa, tarehe ya kuingia na ya kutoka.
3. Muda unaotakiwa kupumzika, kuanzia lini hadi lini. "Siku 21" peke yake haitoshi.
4. Kauli kwamba katika muda huo hufai kuhudhuria masomo au kufanya mitihani. Kama hakuiandika, muombe kwa adabu: "Shikamoo daktari, chuo kinahitaji kujua kama naweza kufanya mtihani tarehe 15. Naomba uniandikie hilo."
5. Jina la daktari, cheo chake, saini, na muhuri unaosomeka wa hospitali.

Jina la ugonjwa si lazima liwe wazi kwa kila mtu. Kama ni jambo la siri, muombe daktari aandike "anatibiwa ugonjwa unaohitaji mapumziko", na taarifa kamili uipeleke kwenye bahasha iliyofungwa kwa Mganga Mfawidhi wa kituo cha afya cha chuo.

Na huyo Mganga Mfawidhi usimruke. Vyuo vingi vinataka cheti cha hospitali ya nje kithibitishwe na kituo cha afya cha chuo kabla hakijaingia ofisi yoyote. Kama huwezi kutembea, rafiki yako apeleke cheti halisi pamoja na nakala ya kitambulisho chako. Cheti halisi kisipotee huko: kitolewe nakala tatu kabla hakijaondoka mkononi.

Kama ni afya ya akili, sonona, hofu kali, kukosa usingizi kwa wiki nyingi, utaratibu ni ule ule na una haki ile ile. Anza kwa mshauri wa wanafunzi au kituo cha afya, wakupe rufaa kwa daktari wa magonjwa ya akili. Barua ya mshauri peke yake mara nyingi haitoshi kuahirisha masomo, ya daktari inatosha. Kama mawazo yamefika mahali pa kutaka kujidhuru, achana na barua zote kwanza. Mwambie aliye karibu nawe sasa hivi, aende nawe hospitali yoyote iliyo karibu. Mambo ya chuo yatafuata baadaye.

Kama unayeugua si wewe, unahitaji barua ya hospitali aliyolazwa mgonjwa inayokutaja kama mwangalizi wake, na barua ya serikali ya mtaa au mtendaji wa kata inayothibitisha uhusiano wenu. Jiandae kwa swali ambalo lazima litaulizwa: "Ndugu wengine wako wapi?" Lijibu ndani ya barua yako kabla hawajauliza. Kwa msiba, tumia kibali cha mazishi kama hati ya kifo bado haijatoka.

## Hatua ya 4: Andika barua fupi

Barua ya kurasa tatu inayosimulia maisha yako tangu darasa la saba haisomwi. Msomaji wake ana barua nyingine arobaini mezani. Anatafuta mambo manne: wewe ni nani, nini kimetokea, unaomba nini, ushahidi uko wapi.

Mfano wa mtihani maalumu (K.K. ni "kupitia kwa"):

> Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma),
> K.K. Mkuu wa Kitivo,
> K.K. Mkuu wa Idara.
>
> YAH: OMBI LA KUFANYA MITIHANI MAALUMU
>
> Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa 2, namba ya usajili iliyotajwa hapo juu. Nimelazwa tangu tarehe 3 Juni, na daktari ameelekeza nisifanye mitihani hadi tarehe 24 Juni.
>
> Mitihani ya muhula inaanza tarehe 15 Juni. Kwa sababu hiyo naomba kutofanya mitihani ya kozi tano zilizoorodheshwa hapa chini, na kuifanya kama mitihani maalumu katika kipindi kitakachopangwa. Koziweki za kozi zote tano nimekamilisha.
>
> Nimeambatisha barua ya daktari, uthibitisho wa Mganga Mfawidhi wa chuo, na nakala ya kitambulisho.

Basi. Ukiandika kwa Kiingereza, mpangilio ni huo huo. Kama chuo kina fomu yake, jaza fomu na uambatishe barua. Orodhesha kozi kwa namba zake. Ukiandika "mitihani yote" na mfumo una kozi sita, moja itabaki nje na itakutesa.

Kwa kuahirisha masomo ongeza sentensi mbili: unasimama kuanzia lini, na unatarajia kurudi muhula gani wa mwaka gani.

Onyo: neno "kuacha" lisionekane popote. Kuacha masomo na kuahirisha masomo ni mambo mawili tofauti kwa ofisi ya udahili, na mtu aliyeandikwa kuwa ameacha huanza upya kuomba udahili kama mwombaji mpya.

## Hatua ya 5: Ipeleke, uifuatilie

Barua ipitie idara, kitivo, kisha utawala wa taaluma, kwa mpangilio huo. Kuruka idara ukaenda juu moja kwa moja hakukuharakishi, kwa sababu itarudishwa chini ili mkuu wa idara atoe maoni.

Masjala wakipokea, nakala yako igongwe muhuri wa "IMEPOKELEWA" wenye tarehe. Hiyo nakala ndiyo inayokuokoa siku mtu atakaposema hajaiona. Siku hiyo hiyo tuma nakala kwa barua pepe ya chuo.

Halafu wajulishe walimu wa kozi. Ujumbe mfupi unatosha: "Shikamoo mwalimu. Naitwa fulani, mwaka wa 2, namba ya usajili hii. Nimelazwa na nimeomba mtihani maalumu wa kozi yako. Nakala ya barua nimeacha kwa katibu wa idara. Nakuarifu ili usije ukaniona mtoro." Anayesahihisha akijua habari zako, hakuandikii sifuri.

Fuatilia mara moja kwa wiki. Kila siku unakuwa kero, na mara moja kwa mwezi unasahaulika.

Utajua umefaulu ukishika barua ya kibali yenye kumbukumbu namba na saini. "Nenda tu, tutalishughulikia" ya koridoni si kibali, hata ikitoka kwa mtu mkubwa. Hadi barua itoke, hesabu kwamba mtihani bado unakuhusu.

## Kwa wenye ugonjwa wa kudumu na wajawazito

Ninyi mna bahati moja wengine hawana: mnaweza kuandika kabla tatizo halijatokea.

Mwenye selimundu, pumu, kisukari au kifafa afungue faili kituo cha afya cha chuo wiki ya kwanza ya muhula, si siku ya kuzidiwa. Siku maumivu ya selimundu yakipanda kwa sababu ya baridi, uchovu au kutokunywa maji ya kutosha, Mganga Mfawidhi hatakuwa anakusoma kwa mara ya kwanza. Omba pia mapema nafuu za chumba cha mtihani: mwenye kisukari aruhusiwe kuingia na kipimo chake cha sukari na juisi au glukosi, mwenye pumu na dawa yake ya kuvuta, anayekwenda chooni mara kwa mara akae karibu na mlango. Hizi huombwa kwa maandishi, kwani msimamizi asiye na taarifa atakunyang'anya chupa yako mlangoni na hutakuwa na la kusema.

Mjamzito achukue kadi ya kliniki yenye tarehe ya makadirio, aiweke sambamba na almanaki. Kama makadirio yanaangukia wiki tatu kabla au baada ya UE, andika barua ya tahadhari muhula ukiwa bado mwanzoni. Mtoto haangalii ratiba. Na anayenyonyesha ahesabu saa zake upya. Ile hesabu ya hatua ya 1 aliyoifanya kabla ya kujifungua haina kazi tena.

## Hatua ya 6: Bumu, bima, ada na chumba

Kwa anayefanya mtihani maalumu, sehemu hii haimgusi sana. Kwa anayeahirisha masomo, ndiyo inayouma.

Mkopo, yaani bumu. Nenda na barua ya kibali kwa ofisa mikopo wa chuo, hakikisha taarifa ya kuahirisha imefika Bodi ya Mikopo. Ukiwa nje ya chuo mkopo unasimama. Usisaini fedha za kipindi ambacho hukuwa chuoni kwa kusaidiwa na rafiki. Ukigundulika, tatizo lako la afya linageuka kesi ya nidhamu. Fedha za siku ulizokuwepo kihalali ambazo hukuwahi kuzisaini kwa kuwa ulilazwa, ziulizie upesi, kwani zisiposainiwa hurudishwa Bodi.

Bima. Bima ya mwanafunzi inafuata usajili wake. Maana yake mgonjwa anayeahirisha masomo ili atibiwe anaweza kupoteza kadi wakati ule ule anaoihitaji. Uliza *kabla* hujasaini kuahirisha: kadi yangu inaisha tarehe ngapi, na nikiwa nje naweza kuilipia vipi? Kama una upasuaji au vipimo vikubwa vinavyosubiri, jaribu kuvifanya kadi ingali hai, au panga tarehe ya kuahirisha ikufae.

Ada. Kama umeshalipa, omba ijibiwe kwa maandishi: inahamia mwaka utakaorudi, au imeliwa? Tunza namba za malipo.

Chumba. Kabidhi funguo na uchukue klirensi ya hosteli. Godoro la chuo lililopotea ukiwa hospitali litakusubiri siku ya kuhitimu.

## Hatua ya 7: Kurudi

Usirudi siku ya kufungua chuo ukiwa na begi. Rudi kwa barua, mwezi mmoja au miwili kabla, kulingana na kanuni za chuo chako. Barua inasema unaomba kuendelea na masomo, inaambatana na nakala ya kibali cha kuahirisha, na kama sababu ilikuwa ugonjwa, cheti kipya cha daktari kwamba sasa unafaa kusoma. Cheti hiki wengi hukisahau, wakaja kukitafuta wiki ya usajili, foleni ikiwa hadi nje ya geti.

Ofisa mikopo apewe nakala mapema, kwa sababu majina ya wanaorudi hupelekwa Bodi na chuo. Jina likichelewa, bumu la kwanza huchelewa pia, kwa hiyo njoo na akiba ya chakula ya mwezi mmoja.

Uliza kama mtaala umebadilika. Kozi uliyoiacha inaweza kuwa imepewa namba nyingine, imehamishiwa muhula mwingine, au imefutwa. Mratibu wa programu akuandikie ni kozi ipi inachukua nafasi ya ipi, na koziweki za zamani kama zinahesabika.

Ukishajisajili, fungua akaunti yako kwenye mfumo wa chuo utazame kozi moja moja. Zote ziwepo, na hali yako isomeke kuwa unaendelea na masomo. Kama kuna iliyokosekana, nenda ofisi ya udahili na barua zako mbili, ya kuahirisha na ya kurudi, kabla ya tarehe ya mwisho ya kubadilisha kozi. Tarehe hiyo iko kwenye almanaki.